Picha Nilizozifuta

Ijumaa, 28 Februari

Leo wamefunga kamera shambani kwetu. Stumai, binti wa mradi wa tembo, amekuja na dereva wa pikipiki kutoka Mkula, wakaifunga kwenye mvule ulio pembeni ya majaruba yetu ya mpunga, pale njia ya tembo inaposhuka kutoka mlimani. Ni kisanduku cha rangi ya majani makavu, kidogo kuliko redio. Chochote chenye joto kikipita mbele yake kinapigwa picha, mchana na usiku, na chini ya picha inajiandika tarehe na saa. Wanaiita kamera ya mtego. Agapiti, mume wangu, akauliza, "Inatega nini sasa?" Stumai akacheka. "Inatega picha tu, baba."

Kazi yangu ni kutoa kadi kila Ijumaa na kuweka nyingine, kuangalia picha kwenye simu waliyoniachia, na kuandika kwenye daftari hili mnyama gani kapita na wangapi. Mwisho wa mwezi Stumai anakuja kuzichukua kadi. Wamenichagua kwa sababu nilimaliza kidato cha nne na mwandiko wangu unasomeka. Daftari lina kurasa mia mbili, wanyama wa kijiji chetu cha Kisawasawa hawatazimaliza. Huku nyuma nitaandika yangu.

Ijumaa, 7 Machi

Picha 41. Nyani, nguruwe pori, paa mmoja, mbwa wa kwa mwenyekiti, mimi mwenyewe mara tatu. Na tembo sita, wote majike, saa nane usiku. Wamepita kwa mstari kama watu wanaotoka kanisani. Wa tatu ana sikio la kulia lililochanika mpaka katikati.

Natalia amekuja kuangalia. Jaruba lake limepakana na letu na huwa tunalinda mpunga pamoja mchana, yeye kwenye dungu lake, mimi kwenye langu, tunapigiana kelele kuwafukuza ndege na kusengenya watu kwa sauti ambayo kijiji kizima kinaisikia. Alipomwona yule wa sikio akasema, "Huyu namfahamu! Ndiye niliyekutana naye mwaka juzi kule kijitoni." Ana desturi yake: akikutana na tembo anasimama, anainamisha kichwa na kusema, "Shikamoo bibi, pita zako." Anadai hawajawahi kumkatalia.

Jumatano, 12 Machi

Mvua. Palizi.

Ijumaa, 14 Machi

Picha 63. Namba 38 mpaka 42 ni mume wangu.

Ni Jumanne, saa kumi na mbili na dakika saba jioni. Ameinama kwenye njia ya tembo, anafunga waya kwenye shina. Kwenye picha ya nne anakipima kitanzi kwa goti lake. Ya tano anajinyoosha kiuno, maana kiuno kinamsumbua tangu mwaka jana.

Nilimngoja atoke barabarani, kwenye kibanda chake cha kutengeneza pikipiki. Nikamwekea simu mezani. Aliangalia picha zote tano, kisha akasema, "Nilikisahau kile kisanduku."

"Agapiti, unatega?"

"Nguruwe. Nguruwe tu. Wamemaliza nusu ya muhogo wetu na wewe unawaandika kwenye daftari kama wageni wa harusi."

"Stumai akiziona hizi unafungwa."

"Basi futa."

Nimezifuta. Hakunishika mkono wala hakupandisha sauti. Nimezifuta mwenyewe, moja baada ya nyingine, na kila moja simu iliniuliza kama nina uhakika.

Jumatatu, 17 Machi

Tumekula nyama. Sikuuliza. Natalia nimempelekea bakuli, naye hakuuliza.

Ijumaa, 21 Machi

Picha 29. Nyani wengi. Njia ya Msalaba jioni, nimechelewa, nimewakuta kituo cha tano.

Ijumaa, 28 Machi

Tembo sita, saa tisa usiku wa Jumatano. Watano wamepita. Wa sita ni yule wa sikio, safari hii yuko nyuma ya wote, na mguu wake wa mbele wa kushoto haukanyagi chini. Nimeikuza picha. Juu kidogo ya kucha kuna kitu kimemzunguka, na kipande kinaning'inia. Ni waya, nyuzi mbili zimesokotwa pamoja. Agapiti husokota hivyo waya za klachi zilizokatika. Kamba yangu ya kuanikia nguo ni ya namna hiyo hiyo, aliitengeneza yeye.

Nilimwonyesha. Akasema waya ziko nyingi duniani.

"Stumai akiiona picha hii ataleta daktari wa wanyama," nikamwambia. "Watamlaza kwa sindano, waukate waya, basi."

"Na baada ya hapo? Watapanda juu kutafuta waya ulikotoka. Watauliza nani ana waya za klachi. Kisawasawa hii nani ana waya za klachi, Levina?"

Akasema, "Tembo ni mkubwa. Waya utakatika wenyewe."

Nimefuta picha 7.

Jumamosi, 29 Machi

Stumai amekuja kuchukua kadi. Amefunga Ramadhani, hakunywa hata maji, midomo imemkauka. Alipitisha kadi kwenye kompyuta yake hapa hapa kwenye benchi. Akasita.

"Mama, namba zimeruka. Hapa kuna thelathini na saba halafu arobaini na tatu. Na huku tena."

"Labda mvua," nikasema. "Au nimebonyeza vibaya. Simu hii siijui sana."

"Hamna shida mama, inatokea." Akanifundisha upya, polepole, kama anavyofundishwa mtoto. Nilimdanganya mtu aliyefunga, naye akanishukuru kwa kazi nzuri.

Jumamosi, 5 Aprili

Mvua siku ya nne. Kijito kimepanda. Kadi ya jana imejaa maji yanayotiririka kwenye kioo, hakuna kinachoonekana. Nilifurahi.

Ijumaa, 11 Aprili

Yuko. Picha 9. Mguu umevimba, waya umezama ndani, hauonekani tena, kuna mstari tu kama wa kamba kwenye gunia lililofungwa. Wenzake walipita saa saba, yeye saa tisa na nusu.

Nimefuta 9. Agapiti hajui. Sasa nafuta bila kuambiwa.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Picha 4, mchana kweupe. Tembo hatembei mchana karibu na watu kama ana nguvu za kurudi mlimani. Nimefuta.

Jumamosi, 19 Aprili

Nimekwenda kitubio. Nilisema uvivu, nilisema masengenyo na Natalia, nilisema hasira. Padri aliuliza kama kuna lingine. Nyuma yangu kulikuwa na foleni ndefu na nje mvua inapiga bati. Nikasema hakuna.

Ijumaa, 25 Aprili

Barabara imekatika, Stumai amepiga simu kwamba hawezi kuja mpaka maji yapungue. Akauliza tembo wanaendeleaje. Nikasema wanapita.

Hawapiti. Watano wameshaondoka, wiki mbili sasa hawako kwenye picha yoyote. Amebaki mmoja. Analala kwenye matete ya kijitoni, chini ya shamba la Natalia, na anakula kile anachokifikia. Wiki hii ameingia kwenye mpunga wa Natalia mara mbili. Anapouvuta ule mguu anafuta mstari mzima.

Natalia ananiambia, "Huyu bibi ana jambo. Nimempigia debe, hakuondoka. Alinitazama tu."

Ilikuwa nafasi ya kusema. Tulikuwa wawili, mvua imekata, yeye anamenya mahindi mabichi. Nikasema, "Usimkaribie." Akaniambia, "Wewe nawe! Nimkaribie nimekuwa ndege wa kumkalia mgongoni?"

Ijumaa, 2 Mei

Picha 16, zote zake. Ukizitazama kwa mfuatano anakonda. Nimefuta.

Agapiti analala vizuri. Zamani nilipenda kwamba ni mtu wa usingizi mzito, nikisema ni dalili ya moyo usio na kinyongo. Siku hizi namsikiliza anavyokoroma na kumshangaa.

Alhamisi, 8 Mei

Natalia amekufa.

Naandika jinsi ilivyokuwa kwa sababu wote walionihoji leo nimewaambia nusu.

Tulitoka pamoja saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ukungu ulikuwa mzito, majaruba hayaonekani, unasikia tu vyura. Natalia alikuwa na beseni kichwani na mundu ndani yake, alitaka kukata ule mpunga ulioiva mapema kabla haujakanyagwa wote. Alikuwa ananieleza habari za Katarina, binti yake mkubwa, kwamba mwalimu amesema akili anazo ila anaota madirishani. Tulipofika kwenye tuta tukaachana, yeye kushoto, mimi kulia. Hatua kama mia.

Nilimsikia akisema, "Shikamoo bibi." Aliisema kwa sauti yake ile ya utani, ya kunifurahisha mimi. "Shikamoo bibi, pita zako."

Nilidhani anamtania mtu. Kisha nikasikia beseni linaanguka.

Ukungu ulifunguka kidogo nikaona. Tembo hakukimbia kama wanavyokimbia tembo. Alikuja kwa miguu mitatu, akiyumba, na ule wa nne anaurusha mbele kama gogo. Natalia alirudi nyuma akajikwaa kwenye tuta. Nilipiga kelele. Nilirusha jembe, sijui nilidhani litafika wapi. Haikuchukua muda. Alipomaliza akasimama pale pale juu yake, akipumua, hakwenda popote. Watu walipokuja na madebe na mioto hakwenda popote. Ilibidi tumngoje aondoke mwenyewe mpaka saa tatu, na muda wote huo Natalia alikuwa pale chini na sisi tuko huku. Vitus, mumewe, walimshika watu wanne. Harufu ya ule mguu tuliisikia mpaka kwenye tuta.

Alipojisogeza mpaka kwenye matete ndipo tukamchukua. Tulimbeba kwa shuka langu.

Ijumaa, 9 Mei

Askari wanyamapori wamefika saa nne. Tembo hakuwa mbali. Risasi tatu.

Kijiji kizima kilishuka. Askari mkubwa alichuchumaa kwenye mguu, akaomba kisu, akakata, akauvuta ule waya kidogo kidogo na nyama iliyooza ikaja nao. Akauinua tuuone.

"Waya wa klachi," akasema. "Huyu ana wiki sita, saba hivi. Mnyama mwenye maumivu namna hii hafukuziki. Mngetoa taarifa tungekuja kumkata huo waya. Nusu saa tu ingetosha."

Mzee Anselim, mwenyekiti wa kitongoji, akasema hakuna aliyejua, mzee wangu, mvua hii nani ataona mguu wa tembo. Watu wakaitikia. Agapiti alikuwa mstari wa nyuma, mikono mifukoni.

Stumai alikuja nyuma ya askari, amelowa mpaka kiunoni, ametembea kutoka pale barabara ilipokatika. Alimtambua kwa sikio. Alikaa chini kwenye matope akalia kama aliyefiwa. Kisha akageuka akautazama mvule. Kutoka pale ni mwendo wa dakika tano. Akaniuliza, si kwa hasira, aliniuliza kama mtu anayetafuta kitu alichokidondosha:

"Mama, kamera iko hapa hapa. Mbona haikumwona?"

Nikasema, "Sijui."

Jumamosi, 10 Mei

Tumemzika. Mvua ilinyesha kaburini, wakawa wanachota maji kwa ndoo. Watoto wake ni watatu. Katarina ana miaka kumi na mmoja, alimbeba mdogo wake mgongoni muda wote na kila aliyejaribu kumpokea alimkatalia. Mimi sikujaliwa mtoto. Natalia alikuwa akisema watoto wake ni wa kwetu sote, mimi nichukue wenye kelele.

Ijumaa, 16 Mei

Sikutoa kadi.

Jumatano, 21 Mei

Agapiti amemlimia Vitus tuta lililobomoka. Amechonga na msalaba wa kaburi la Natalia. Wanakaa wawili nje ya nyumba ya Vitus mpaka giza linaingia, hawaongei. Nilianza kufikiri kwamba labda imemwingia. Nikamwona mtu tena, mume wangu, na usiku nilimfunika.

Ijumaa, 30 Mei

Nimetoa kadi, ya kwanza tangu mazishi. Picha 52. Namba 31 mpaka 36 ni Jumanne ya wiki hii, saa kumi na mbili kasoro robo jioni. Agapiti anafunga waya. Anayemshikia shina ni Vitus.

Siku kumi na saba tu baada ya mazishi.

Nimeketi nje mpaka mboga ikaungua.

Jumamosi, 31 Mei

Nimekwenda kwa Vitus asubuhi. Alikuwa anaanika mpunga mchache alioupata, umejaa tope. Nikamwonyesha simu. Hakushtuka. Akanisogezea kigoda.

"Kaa, shemeji."

"Vitus, hata wewe?"

"Tangu mwanzo," akasema. "Tulitega wote. Mwezi wa tatu tulipanda na waya kumi na moja. Ule uliomshika tembo ni wangu au wa Agapiti, hatujui. Mimi kila siku najiambia ni wa Agapiti. Na yeye najua anajiambia ni wangu."

"Natalia alijua?"

"Alijua nyama inatoka mahali." Akageuza mpunga kwa mguu. "Asubuhi ile nilimwona anachukua beseni. Nilijua mnyama yuko kijitoni na nilijua ana nini mguuni. Nilitaka kumwambia asiende. Ningemwambia kwa nini?"

Nilishindwa kumtazama. Nikamuuliza, "Sasa mbona mmetega tena?"

Hapo ndipo alipokasirika. "Jaruba langu lote limelala. Hili unaloliona ndilo chakula chetu mpaka mwakani. Nina watoto watatu, shemeji. Niwalishe nini, picha?"

Niliondoka. Alinifuata mpaka kwenye uzio wa mabua, akanishika mkono. "Ulizifuta zile za kwanza. Agapiti aliniambia. Basi futa na hizi, tuishie hapo. Aliyekufa hatarudi."

Jumapili, 1 Juni

Nimemwomba Agapiti aziondoe waya zote, tusahau. Niliongea naye kwa upole. Akasema zimo kumi na nne, nyingine hakumbuki zilipo. "Subiri mavuno yaishe," akasema. Akageukia ukutani, akalala.

Sijalala. Kijitoni wanapita watoto wanaokwenda kuchota maji.

Jumanne, 3 Juni

Nimempigia Stumai. Nimemwambia aje na asije peke yake.

Jumatano, 4 Juni

Alikuja peke yake hata hivyo. Nilimpa kadi. Nikamwambia na zile nyingine, tarehe kwa tarehe, tano, saba, tisa, nne, kumi na sita. Nilikuwa nimeziandika hapa kwa hiyo nilisoma tu.

Nilitaka anitukane. Akasema, "Niliona namba zimeruka, mama. Ofisini waliniuliza nikasema ni kadi mbovu. Kama ningekuja tena wiki ile ile, kabla barabara haijakatika..." Hakumaliza. Akafungua mkanda wa kamera kwenye mvule, akaukunja vizuri, akaitia kamera begani. Alipofika barabarani hakugeuka kuniaga.

Alhamisi, 5 Juni

Walikuja saa moja asubuhi, gari mbili. Agapiti alikuwa anapiga mswaki. Alipoona gari alinitazama mara moja tu, akajua. Hakunitukana. Aliomba aingie ndani kuvaa, askari akakataa, ndipo akaniambia, "Levina, niletee sweta." Nikamletea. Nikamvalisha mwenyewe kwa sababu mikono tayari walikuwa wameifunga, ikabidi liwekwe mabegani tu kama kitenge.

Kwa Vitus sikwenda. Nilisikia watoto.

Wamepelekwa Ifakara. Na mimi nimetakiwa kufika Jumatatu kutoa maelezo. Askari alisema kuficha ni kosa vilevile. Nikasema najua.

Jumatatu, 9 Juni

Ifakara. Nimesaini kurasa sita. Wameniruhusu kurudi, wataniita. Nilimwona Agapiti kwa mbali. Amenyolewa, masikio yake yanaonekana makubwa.

Alhamisi, 12 Juni

Mama yake Natalia yuko kijiji cha Mbingu na hawezi kutembea, shangazi wa watoto amesema ana watoto wake saba. Mzee Anselim amewaleta kwangu mwenyewe, watatu, na godoro moja. "Wapokee," akasema, "hapana mwingine." Kijijini hawanisalimii. Dukani ninahudumiwa wa mwisho. Mpunga wangu umeiva na hakuna mtu anayekubali kunivunia, kwa hiyo nakata mwenyewe, tangu alfajiri.

Askari wamepanda juu na Vitus akiwa na pingu, kawaonyesha. Waya kumi na tatu wamezipata. Mmoja haupatikani.

Jumapili, 15 Juni

Jioni hii nimepika wali na mlenda. Katarina alikuwa anachambua mchele wa kesho kwenye ungo. Bila kuinua kichwa akasema:

"Mama mdogo, shuleni wanasema ni wewe uliyewaambia askari."

"Ni mimi."

"Ni kweli baba alitega?"

"Ni kweli. Yeye na baba mdogo Agapiti."

Alitoa chuya, akaitupa, akatafuta nyingine. Wadogo zake walikuwa wanagombea kijiko. Akasema, "Wewe ulijua lini?"

Ningeweza kusema mwezi wa tano. Hakuna ambaye angemwambia vinginevyo, yaliyo kwenye zile kurasa sita hayasomwi kwa watoto.

"Mwezi wa tatu," nikasema.

Akahesabu miezi kwa vidole. Nilimwona anavikunja, cha tatu, cha nne, na alipofika cha tano akasimama, akakishika kile kidole kwa mkono wa pili kama kinamuuma. Kisha akaweka ungo chini, akapakua wali sahani tatu, akawaambia wadogo zake, "Njooni tukale nje."

Walikula nje, gizani. Walipomaliza akaosha vyombo vyote, akavipanga kichanjani. Sahani yangu tu ameiacha pale nilipoiweka.